Ukuta wa Altare na Makopo ya Mafuta

Ijumaa, 28 Julai 2000

Nimefanya jambo. Bado sijui kama ni jambo jema, lakini limeshafanyika, na mimi ni mtu wa kuandika. Miaka minne niliyokuwa tarishi pale boma la Biharamulo nilijifunza kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea.

Leo tulikuwa na kikao cha kigango. Padri ametuma neno: Baba Askofu atakuja kwetu tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kwa ajili ya Jubilei. Hajawahi kukanyaga hapa! Kina mama wakapiga vigelegele. Kisha Mzee Audax, mwenyekiti wetu, akageuka kuutazama ukuta ulio nyuma ya altare. Sote tukageuka. Udongo mtupu. Ufa kutoka juu mpaka chini, na michirizi pale maji ya masika yalipopita. Vigelegele vikafa.

Shemeji yangu Leonidas akasimama. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu mkuu, na mchoraji kwa ushahidi wake mwenyewe. Akasema atachora malaika kumi na wawili. Nimeshawaona malaika wa Leonidas. Wote wana sura ya Leonidas. Nikazifikiria misa zote zilizobaki katika maisha yangu, Leonidas kumi na wawili wakinitazama nikipokea komunyo.

Nikasimama. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba ukuta nitaupamba mimi, kwa kitu ambacho wilaya nzima ya Ngara haijapata kukiona. Mzee Audax akauliza ni kitu gani. Nikasema ni siri ya fundi. Mzee akanitazama, akautazama ukuta, akasema basi apewe Desderius, kwa kuwa malaika kumi na wawili wanahitaji rangi na rangi hakuna. Leonidas akaketi kama gunia lililokatwa kamba. Nilitoka kifua mbele!

Febronia, mke wangu, alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipofika nyumbani akaniuliza kitu kimoja tu: umewahi kupamba nini? Nikamkumbusha banda la sungura. Akasema banda la sungura lilianguka. Nikasema ndiyo, lakini lilianguka likiwa limepambwa.

Jumamosi, 29 Julai

Jaribio la kwanza. Nani anahitaji rangi za dukani? Nimechanganya udongo mwekundu, majivu, masizi ya chungu, na bluu ya kufulia ya Febronia, yote nikayakoroga kwa utomvu wa mgomba. Nimepaka ukuta wa jikoni, upande wa nyuma, kwa siri.

Saa nne: umependeza ajabu. Nimekaa kwenye kigoda nikijipongeza.

Saa saba: jua limewaka. Rangi imeanza kutembea. Bluu imeshuka juu ya nyekundu, nyekundu imeshuka juu ya kuku. Ule utomvu haukushika ukuta hata kidogo, ila umenishika mimi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havitengani.

Saa tisa: Febronia amerudi akitafuta bluu yake kwa ajili ya nguo nyeupe za kwaya. Kisha amemwona kuku. Sitaandika alichosema.

Jumapili, 30 Julai

Nimehudhuria ibada na mkono mfukoni. Leonidas ameuliza kwa sauti ya upole, mbele za watu, kazi inaendeleaje. Nikajibu kwamba iko kwenye hatua ya kukauka.

Jumatatu, 31 Julai

Nimeona! Nimeona! Acha niandike polepole.

Nilikwenda na ndizi zangu mbili tatu sokoni kando ya kambi ya Lukole, kwa wakimbizi wa Burundi. Ni saa mbili za mguu kutoka kwetu, kwa baiskeli chini ya hapo kama mnyororo hautoki. Mnyororo ukatoka. Nikaingia kwenye vijia vya blindé, ndivyo wanavyoviita vibanda vyao vya turubai, kutafuta mtu mwenye koleo. Mbele ya kibanda kimoja nikasimama kama aliyepigwa msumari.

Mlangoni palining'inia kitu. Mwanzoni nilidhani ni nguo zimeanikwa. Halafu upepo ukakigeuza na jua likakipiga. Vipande vya makopo ya mafuta ya msaada, vimekatwa mviringo, vimepigwapigwa hadi vikawa kama magamba ya samaki. Vizibo vya soda. Vipande vya turubai la bluu. Karatasi za sabuni zimekunjwa vidogo vidogo. Ndala nyekundu zilizochakaa, zimekatwa pembe tatu. Vyote vimeshonwa juu ya salfeti za mahindi kwa uzi wa salfeti zilezile. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mti, hakuna ng'ombe. Rangi tu. Bluu inapanda, nyekundu inaikata, dhahabu inazunguka katikati kana kwamba inatafuta pa kukaa. Nilisimama mpaka nikasahau mnyororo.

Mwenye kitu yuko chini yake, anashona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Bibi wa miaka sitini hivi, mjane, anaitwa Nimpaye. Nikamwamkia. Yeye kwa Kirundi, mimi kwa Kihangaza, tukaelewana bila shida, maana lugha hizi ni ndugu. Nikamuuliza hii ni picha ya nini. Hakuinua macho.

"Kitenge alichovaa mkeo ni picha ya nini?"

Febronia ana kitenge cha duara za njano na hata siku moja sijakiuliza ni picha ya nini.

Nikampa mpango wangu. Atengeneze kikubwa, vipande sita, cha kujaza ukuta mzima wa kanisa. Nitaleta vifaa vyote. Askofu atakiona. Shazia ikasimama. Akauliza, ukuta mzima? Nikasema mzima. Akasema tangu aanze kazi hii hajapata mahali pakubwa kuliko mlango. Kisha akaweka sharti moja: atakipachika yeye, kwa mikono yake, na siku ya misa atakuwepo. Wakimbizi hawaruhusiwi kupita kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Kigango chetu kiko mbali zaidi ya hapo. Nikamwambia kibali si tatizo, nina watu wangu ofisini.

Sina mtu hata mmoja ofisini. Lakini zimebaki siku kumi na tano. Mtu hupatikana.

Hakuniuliza kazi itaitwa ya nani. Nami sikumsumbua na jambo hilo.

Jumanne, 1 Agosti

Siku ya kukusanya. Nimetangaza kwamba kigango kinafanya usafi wa Jubilei, na kila nyumba itoe takataka zake zinazong'aa. Watu wa Kasulo, kijiji chetu, ni wakarimu! Nimepata makopo, vizibo, beseni tatu zilizopasuka, vifuniko vya sufuria, na kandambili zisizo na wenzao. Leonidas amepita, ametazama lundo, ameniuliza kama nimeacha kilimo nikawa dampo. Nimecheka kicheko cha mtu anayejua jambo.

Dosari ndogo. Mzee Audax alikuja kunisalimia, akavua ndala zake mlangoni, akaingia. Mimi niko nje nakata. Nyekundu nzuri sana, mpya mpya. Alipotoka nilikuwa nimefika kwenye kisigino cha pili. Amerudi kwake peku. Nimemwambia mbwa wa siku hizi wamezidi.

Ijumaa, 4 Agosti

Nimefikisha mzigo Lukole, safari tatu. Mama Nimpaye ameupanga chini kwa rangi, kama mtu anayepanga wageni mezani. Kila kitu anakishika kwanza. Kifuniko cha sufuria amekigeuzageuza, akasema huyu alipika miaka mingi.

Vipande viwili vimekamilika. Sijui nisemeje. Cha kwanza kina bluu ya turubai ikishuka pole pole hadi inakuwa kijani cha beseni. Ukikitazama unahisi kama umekunywa maji.

Nikaona na mimi nichangie. Nikashauri tuweke njiwa, watu wetu watamwelewa. Akakataa. Alipokwenda kuteka maji nikakata njiwa wa bati nikamshona pembeni, mdogo tu. Aliporudi akatazama, akaniuliza kwa nini kuna kuku. Amemtoa.

Jumapili, 6 Agosti

Baada ya ibada watu wamenizunguka. Nimewaambia kazi naifanya mafichoni, mikono yangu ikiongozwa. Mama mmoja amesema kweli Mungu hana upendeleo. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Febronia ananitazama kwa jicho ambalo silijui. Ameuliza mbona shati langu linanuka moshi wa jiko la mtu mwingine. Nimesema ni moshi wa fikra.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Nimefumaniwa!

Niko Lukole, nimeketi chini, miguu nimenyoosha, nashika uzi kwa mikono miwili huku Mama Nimpaye akisokota. Kivuli kikaniangukia. Febronia. Amenifuata kwa miguu njia nzima, kitenge amekifunga kiunoni kwa ajili ya vita. Alitegemea kumkuta kimada. Akamkuta bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na mumewe kageuzwa kigingi cha uzi.

Akavitazama vile vipande vinne vilivyoegemezwa ukutani. Akavisogelea. Akachuchumaa, akagusa duara moja la kopo kwa ncha ya kidole. Kisha akamgeukia Mama Nimpaye, akamwamkia kwa heshima zote, kama anavyomwamkia mama yake mzazi.

Dakika kumi baadaye walikuwa wanacheka, na mimi nimetumwa maji. Nilipopata nafasi ya kurudi kwenye mazungumzo nikajifunza mambo ambayo katika siku nane sikuyauliza. Kwamba kule kwao alikuwa na nyumba ya matofali na kila mwaka aliipaka michoro upya kabla ya Noeli. Kwamba alikimbia mwaka tisini na tatu na shazia imo kwenye mkunjo wa nguo yake. Kwamba miaka miwili ya mwanzo hakushona chochote, halafu siku moja akaliona kopo tupu linang'aa kwenye matope akakasirika kwamba linapotea bure.

Njiani Febronia akauliza: mbele ya Askofu utasema kazi ni ya nani? Nikasema tutaona. Akaongeza mwendo, akaniacha nyuma. Mlima ule haujawahi kuwa mrefu hivyo.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimekwenda kutafuta kibali. Foleni. Karani amenieleza kwamba mkimbizi mwenyewe ndiye huomba, anataja sababu, na hujibiwa baada ya siku saba. Nimemwambia zimebaki tano. Akasema basi ningekuja wiki iliyopita. Nikamwuliza kama anajua mimi nilikuwa tarishi Biharamulo. Alikuwa hajui. Hakuonekana kuumia.

Nilipofika kwa Mama Nimpaye alikuwa ameshona mshono wa mwisho wa kipande cha sita. Amevaa gauni safi. Akauliza, kibali? Macho yake yalikuwa yanangojea sana. Nikasikia ulimi wangu ukisema kipo, kiko nyumbani.

Sikupanga kusema hivyo. Naandika ili ijulikane.

Jumamosi, 12 Agosti

Siku mbaya.

Tumetoka asubuhi. Vipande vyote sita juu ya baiskeli, nimevifunika kwa mkeka. Mama Nimpaye anatembea nyuma yangu, amevaa kitenge cha Febronia na kilemba chake, ili apite kama shangazi wa mke wangu. Alidhani kitenge ni zawadi ya sikukuu. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa chini chini.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akatusimamisha.

"Mama, unatoka wapi?"

"Ntobeye," nikajibu mimi, nikitaja kijiji cha jirani.

"Nimemwuliza mama."

"Mama hasikii vizuri, afande."

Mama Nimpaye anasikia kuliko mimi. Kiswahili hana, lakini neno wapi analijua. Akainua kichwa akasema kwa sauti safi, "Lukole."

Askari akaomba kibali. Nikamtafsiria, sikuwa na la kufanya. Mama akanionyesha mimi kwa kidole, bila wasiwasi hata kidogo. Anacho huyu, akasema. Nikajipapasa mifuko. Nilijipapasa hata mfuko ambao shati langu halina. Nikasema nimekisahau nyumbani. Askari akasema nikakilete, mama atangoja hapa.

Akaketi juu ya jiwe, mgongo wima, mikono kwenye magoti. Akaniambia nisikimbize baiskeli, nitaangusha vipande.

Aliniamini! Hilo ndilo linalonisumbua hadi sasa ninavyoandika.

Nikaendesha. Kibali cha kukileta hakipo, kwa hiyo sikwenda nyumbani, nilikwenda kanisani. Nilijiambia kwanza nipachike kazi, halafu akili itakuja. Nikapanda ngazi. Nikapachika kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikashuka kutazama. Kibaya. Vitu vilevile, rangi zilezile, lakini vimekaa kama watu waliogombana. Nikabadilisha. Vikazidi kugombana. Niko juu, uzi wa kipande cha nne nimeung'ata kwa meno, Febronia akaingia na ndoo ya maji ya kufutia viti.

"Mama yuko wapi?"

Nikamweleza. Nilieleza nikiwa palepale juu. Akaiweka ndoo chini taratibu.

"Yule mama amekaa juani anangoja karatasi ambayo haipo," akasema, "na wewe uko juu ya ngazi."

Miaka ishirini na sita ya ndoa. Amenifokea kwa sungura, kwa sabuni niliyopika ikala sufuria, kwa yule kuku wa bluu. Leo hakufoka. Alianza kulia.

Nimeshuka. Nimeendesha baiskeli kurudi nikiwa sioni vizuri, vumbi labda. Kwenye jiwe hapakuwa na mtu. Wamempeleka kituoni.

Jumapili, 13 Agosti

Nilifika kituo cha polisi jana hiyohiyo. Mama Nimpaye yuko kwenye benchi, kitenge cha Febronia amekikunja vizuri mapajani, kama mtu anayejiandaa kukirudisha. Mkuu wa kituo akaniambia wengine wamefungwa miezi sita kwa kosa hili. Miezi sita! Nikajikuta nimesimama wima kama mwanafunzi.

Nikasema mkosaji ni mimi. Nilimwambia kibali kipo wakati hakipo. Nguo ni wazo langu. Ntobeye ni wazo langu. Mwandike mimi. Akaanza kuandika. Akauliza kazi yangu. Nikasema msanii. Kalamu ilipokaribia karatasi nikamwambia, samahani afande, andika mkulima.

Kisha nikamgeukia Mama Nimpaye nikamwambia yote kwa lugha yetu. Akakikunja kitenge upya.

"Uliniambia kipo."

"Nilidanganya, mama."

"Miaka saba naishi kwa karatasi. Ya chakula, karatasi. Ya turubai, karatasi. Mimi usinichezee karatasi."

Kisha akauliza vipande viko wapi. Nikasema nimevipachika. Akauliza nimevipachikaje. Nikamwelezea. Akafumba macho. Hiyo ilimuuma kuliko benchi.

Jana jioni akarudishwa kambini kwa gari la polisi, kesi yake ikisubiri leo. Nami nikaamriwa nifike asubuhi. Nimefika. Saa tatu, baada ya misa ya kwanza, ikaja pikipiki ya padri, na nyuma ya padri, ameshika kofia, Leonidas. Febronia alikuwa amekwenda kwa kaka yake alfajiri, akamweleza kila kitu. Kila kitu! Nikajua sasa ndipo nitakapozikwa.

Leonidas hakunitazama. Alimwambia mkuu wa kituo kwamba yeye ni mwalimu mkuu, anamdhamini yule mama, na kwamba kanisa linamhitaji. Padri akatoa barua. Mazungumzo yakawa marefu, mtu wa ofisi ya kambi naye akaitwa. Mwisho: Mama Nimpaye hana kesi, na atapewa kibali cha siku mbili, kesho na keshokutwa, chenye muhuri. Mimi nitafyeka majani yote yanayozunguka kituo, leo na kesho, mpaka mkuu aridhike.

Wakati wa kuondoka Leonidas akanisogelea. Nikajiandaa. Akasema jana alasiri aliingia kanisani kucheka, akaviona vile vipande, vya kombo hivyohivyo, akakaa kwenye kiti mpaka watu wa kwaya wakaja wakamkuta. Akaniuliza kama namjua vizuri yule mama, na kama ni mkali. Nikasema ni mkali. Akasema, "Unadhani anaweza kunifundisha?"

Sijawahi kumwona Leonidas akiomba kitu.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimefyeka. Kituo hiki kimezungukwa na majani kuliko kambi ya jeshi. Malengelenge manne. Saa mbili asubuhi Mama Nimpaye amepita barabarani na Febronia, kibali amekitia kwenye mfuko wa plastiki, amekishika mbele yake kwa mikono miwili. Nikavua kofia. Akasimama, akanitazama na fyekeo langu. Akaniambia upande wa kushoto nimeacha. Ni kweli nilikuwa nimeacha.

Kwa hiyo ukuta umepachikwa bila mimi. Febronia amenisimulia. Leonidas ndiye aliyepanda ngazi! Mama Nimpaye amekaa kiti cha mbele, anaelekeza kwa fimbo. Juu. Chini. Geuza. Toa. Mwalimu mkuu anageuza na kutoa, jasho linamtoka. Kipande kimoja walikihamisha mara saba. Ilipofika zamu ya cha sita, anasema Febronia, Mama Nimpaye alisimama, akaenda ukutani, akauwekea kiganja, akabaki hivyo. Wakamwacha. Kisha akasema ana njaa, wakaenda kwetu wakala ugali na maharage.

Jumanne, 15 Agosti

Nimefika kwa kuchelewa, suruali ina majani, nikakaa benchi la mwisho. Watu wamejaa mpaka nje. Sikuona kitu kwa sababu ya kofia za kina mama. Halafu waliposimama kuimba Utukufu, jua likaingia dirishani upande wa mashariki.

Jamani.

Ukuta wote ulifumbuka. Bluu ilipanda kutoka chini, pana, ikapita palipo na ufa, na ufa haukuonekana tena. Dhahabu za makopo zikaanza kutetemeka, na mwanga wake ukaruka juu ya nyuso za kwaya, juu ya kanzu ya Askofu, juu ya watoto wachanga. Nyekundu ilikuwa inakwenda kinyume na kila kitu na bado imekaa mahali pake. Watu walisahau ubeti wa pili. Hata kinanda kilinyamaza kidogo.

Baada ya mahubiri Baba Askofu akageuka kuutazama tena. Akauliza, nani amefanya kazi hii?

Vichwa vikaanza kugeuka. Benchi kwa benchi. Kwangu! Walikuwa bado wanakumbuka maneno yangu, mikono inayoongozwa, siri ya fundi. Mzee Audax ananitazama kwa fahari kabisa. Nitakuwa mkweli humu: moyo wangu uliruka kama mbuzi. Neno moja tu lilihitajika, tena fupi. Mimi.

Nikasimama. Nikamwona Febronia. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama sakafu, amejikaza.

"Ni Mama Nimpaye, Baba Askofu," nikasema. "Yule pale mwenye kilemba cha njano. Wa Lukole. Mimi nilibeba tu."

Leonidas akakohoa.

"Na sehemu ya njia nilibeba vibaya," nikaongeza.

Akaitwa mbele. Nikaitwa nitafsiri. Baba Askofu akamshika mikono yote miwili, akamuuliza kazi hii inasema nini. Mama Nimpaye akafikiri. Akasema vitu hivi ni vya nyumba zenu, vilikuwa vimetupwa, yeye amevipanga tu vikae pamoja. Nikatafsiri. Hapo watu wakaanza kutazama kwa makini. Mama mmoja akasema kwa sauti, lile si beseni langu? Mwingine akaona kifuniko chake. Kanisa zima likainuka kutafuta vyake, vidole vinaonyesha huku na huku, vicheko, hata Askofu anacheka. Kisha Mzee Audax akatoka kwenye kiti chake, akasogea, akainama mbele ya pembe tatu nyekundu iliyo chini ya msalaba. Akatazama muda mrefu.

"Desderius," akasema, "mbwa wako ana mkono mzuri wa mkasi."

Sijawahi kuomba msamaha mbele ya Askofu. Hufanyika haraka.

Mama Nimpaye amekula nasi sikukuu, amecheza ngoma na Febronia, na kabla ya saa ya kibali kwisha Leonidas amempeleka Lukole kwa baiskeli yake, akisukuma milima yote. Wamekubaliana: kila Ijumaa, kando ya soko la kambi, Mama Nimpaye atafundisha, na kina mama wa kigango watakwenda na makopo yao. Leonidas pia. Kabla hawajaondoka, nilipomrudishia Mama Nimpaye shazia aliyokuwa ameisahau kwetu, alinishika sikio, akalivuta, si kwa nguvu. Akasema nije na mimi, anahitaji mtu wa kushika uzi.

Febronia amelala mapema. Kabla ya kulala amenipaka mafuta kwenye malengelenge, yote manne, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Lakini amenipaka.

Alhamisi, 17 Agosti

Ninayo furaha kuandika kwamba uongo umenitoka kabisa. Mtu hupitia moto akatoka msafi. Febronia ameniambia hivyohivyo asubuhi, akanikaangia yai.

Saa nne amefika mgeni, bwana mmoja mwenye koti, anaitwa Nshoma, kutoka Biharamulo. Ana nyumba ya wageni karibu na stendi. Amesikia habari za kanisa, amekuja kuona kwa macho yake. Nimemtembeza mwenyewe, nimemtajia Mama Nimpaye mara tatu, nimemwambia kweli tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Amesema mtu mkweli kama mimi ni adimu. Ndipo akanieleza shida yake: anataka mlango mkubwa wa mbele wa mninga, uchongwe simba wawili na mzabibu, na kwa Biharamulo nzima hajampata fundi wa kuaminika. Je, namjua mtu?

Nilifungua mdomo kusema simjui.

Nimemwambia nitafika Jumatatu na vifaa vyangu. Simba amewahi kunishinda nini? Miguu minne na manyoya shingoni. Febronia yuko shambani, sijamwambia, nataka iwe zawadi. Sasa naondoka mara moja kuuliza hapa kijijini nani ana patasi, na kama anayo, nani anajua kuitumia.